Kirai, Kishazi na Barua ya Mwenye Nyumba

Safari hii hatuhakiki riwaya wala diwani. Tunahakiki vitabu vya sarufi, tena sarufi ya Kiingereza, na tunajua wapo watakaogeuza ukurasa kabla aya hii haijaisha. Tunawaomba wavumilie kidogo. Katika mtaa wa Vickery Meadow hapa Dallas, kuanzia Park Lane hadi kwenye fleti za pale Five Points, hakuna maandishi yanayosomwa kwa woga na kwa makini kama barua inayobandikwa mlangoni na ofisi ya nyumba. Barua hiyo ina virai, ina vishazi, ina sentensi, na asiyeweza kuvitenganisha huvilipia kwa dola.

Kwa walioko London, Muscat au Minneapolis, Vickery Meadow ni mtaa wa fleti kwa fleti. Nyingi zilijengwa miaka ya 1960 na 1970 kwa ajili ya vijana wenye mishahara na wasio na watoto. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 ilipokataza wenye nyumba kuwabagua wapangaji wenye watoto, familia zikaingia, kisha mashirika ya wakimbizi yakaanza kuwaleta watu kutoka kila pembe ya dunia. Utakutana na Waburma, Wairaki, Waeritrea, Wasomali, na sisi wenye Kiswahili cha kila rangi: Mkongo wa Uvira au Bukavu, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, Mkenya, na Mbongo aliyekuja kusoma akaishia kubeba boksi. Madarasa ya Kiingereza kwa watu wazima hayakosekani. Kituo kilichoanza mwaka 1997 kwa jina la Vickery Meadow Learning Center sasa kinaitwa Literacy Achieves, na tangu 2021 mtaa una maktaba yake ya Vickery Park. Kwa hiyo shida si kukosa pa kusomea. Shida, kwa maoni yetu, imo ndani ya vitabu.

Tuanze na neno sentensi. Shuleni tulikaririshwa kwamba sentensi ni fungu la maneno lenye maana kamili. Lakini mtoto akiulizwa mlangoni baba yuko wapi, anajibu "Ameondoka", neno moja, na hakuna mgeni anayemdai fungu. Ndani ya neno hilo yumo mtendaji, umo wakati, na kimo kitendo. Wataalamu wetu waliliona hilo na wakarekebisha, wakaandika "neno au fungu la maneno". Hata hivyo ufafanuzi wa zamani, ulioazimwa moja kwa moja kutoka vitabu vya Kiingereza, ndio uliobaki vichwani mwa watu. Ukimwambia mtu aliyezoea "Ameondoka" kwamba sentensi ya Kiingereza ni fungu lenye maana kamili, atakuandikia "Is raining" na atashangaa kwa nini mwalimu amepiga mstari mwekundu. Maana si imekamilika? Imekamilika kweli. Kinachokosekana ni kiima kinachoonekana kwa macho, maana Kiingereza hakikubali kitenzi kikae bila kiima hata pale ambapo hakuna mtendaji. Ndiyo maana wanaweka ile "it" ambayo haimwakilishi mtu wala kitu, kama mgeni aliyekalishwa kwenye kiti cha mbele harusini ili safu isionekane ina pengo.

Sasa kishazi. Chukua maneno manne: akija, alipokuja, aliyekuja, asipokuja. Kila moja ni kishazi tegemezi kamili, na hakuna hata kimoja kinachoweza kusimama chenyewe. Ukisema "Alipokuja" ukanyamaza, wenzako watakungoja umalizie. Mwingereza kwa kazi hiyo hiyo anahitaji "if he comes", "when he came", "who came" na "unless he comes". Tofauti ni mahali alipouweka utegemezi. Yeye ameuweka nje ya kitenzi, katika neno dogo linalotangulia. Sisi tumeuweka ndani ya kitenzi chenyewe, kama nondo ndani ya zege. (Mtatusamehe, sisi ni watu wa majengo, na mkono uliozoea mwiko haufichiki.) Nondo iliyo ndani haiondolewi bila kuvunja nguzo. Neno lililo nje linaondolewa kirahisi, na Mwingereza huliondoa kila anapopata nafasi.

Hapo ndipo penye shimo. Tazama sentensi hii ambayo tumeitunga kwa mfano wa barua za mtaani: "The tenant told to move called the office." Msomaji wa Kiswahili anatafuta kitenzi, anakutana na "told", anafurahi: mpangaji alimwambia mtu ahame. Akifika kwenye "called" anapotea, kwa sababu sasa kuna vitenzi viwili na hakuna kiungo kati yake. Kumbe "told" si kitenzi kikuu hata kidogo. Ni mabaki ya kishazi, "who was told", kilichonyolewa kikabaki kirai. Kwa Kiswahili tungesema "Mpangaji aliyeambiwa ahame alipiga simu ofisini", na ile -ye- ndani ya "aliyeambiwa" isingemruhusu mtu yeyote kukosea nani aliambiwa na nani alipiga simu. Kiswahili hakina njia ya kuinyoa -ye- hiyo ikabaki Kiswahili. Kwa hiyo msomaji wetu hana mazoea ya kukirudisha kichwani kitu kilichoondolewa, na kumwambia aongeze msamiati hakumsaidii chochote, kwani maneno yote saba tofauti ya sentensi ile anayajua.

Tuseme jambo moja lililotokea, bila jina la mtu wala la ofisi. Mama mmoja wa Uvira alihama fleti yake, akakabidhi funguo, akasubiri arejeshewe amana. Sheria ya Texas inampa mwenye nyumba siku 30 tangu mpangaji akabidhi nyumba. Siku 30 zikapita, zikapita 90. Aliletewa barua iliyonakili kanuni nyingine ya sheria hiyo hiyo, na binti yake wa darasa la nane akamsomea: mwenye nyumba halazimiki kurudisha amana wala kutoa maelezo ya makato. Mama akakata tamaa. Binti hakudanganya, alisoma kishazi kikuu sawasawa kabisa. Alichokiacha ni kishazi tegemezi kilichokuja mwishoni, baada ya maneno mengi, kikianza na "until": hadi mpangaji atoe kwa maandishi anwani yake mpya. Na kanuni hiyo inaendelea kusema kwamba mpangaji hapotezi haki yake kwa sababu tu hakutoa anwani. Yaani sentensi aliyoisoma kama mlango uliofungwa ilikuwa mlango wenye funguo juu yake. Mama aliandika barua ya mistari miwili yenye anwani, na hundi ikaja, ikiwa imekatwa usafi wa zulia. Hatumlaumu yule mtoto. Mtoto wa miaka 13 anayefanywa mkalimani wa mikataba ya wazazi wake amebebeshwa mzigo ambao wanasheria hulipwa kwa saa. Tunauliza tu: je, kitabu chake cha sarufi kilimfundisha kwamba kishazi tegemezi kinaweza kugeuza maana yote ya kishazi kikuu, au kilimfundisha kukipigia mstari na kuandika jina lake pembeni?

Basi tuje kwenye vitabu. Tumechagua vitatu ambavyo watu wetu wanavyo majumbani.

Cha kwanza ni kile cha Wren na Martin, High School English Grammar and Composition, kilichotoka miaka ya 1930 kwa ajili ya shule za India. Sisi tulikinunua sokoni tulipokuwa tukisomea uhandisi huko India mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wazee wengi wa Afrika Mashariki wanakijua. Wren ni yule yule P. C. Wren aliyeandika riwaya ya Beau Geste mwaka 1924, ya askari wa jeshi la kigeni la Ufaransa jangwani, na mtu akikiangalia kitabu cha sarufi anaweza kuona kwamba kimeandikwa na mpenda nidhamu ya kambi. Kila kitu kina cheo na kila cheo kina saluti yake. Kirai na kishazi vinakuja mapema sana, kabla hata ya aina za maneno, na hilo ni jema: mwanafunzi anaona jengo kabla ya tofali. Na ile kazi ya kuichambua sentensi ndefu, kutoa kishazi kikuu kwanza kisha kukipachika kila tegemezi mahali pake, hatujaona kitabu cha karibuni kinachoifanya kwa ukali ule. Ubaya wake ni kwamba ufafanuzi unatangulia kila mara, na ufafanuzi wenyewe umejengwa juu ya neno "maana": kirai kina maana lakini si kamili, sentensi ina maana kamili. Tumekwisha kuona maana kamili inavyomwangusha mtu wa "Ameondoka". Isitoshe, mifano ni ya watu wanaowinda simbamarara na kutumikia wafalme. Mtu aliyetoka zamu ya usiku katika ghala hana habari na simbamarara.

Cha pili ndicho kinachotawala madarasa ya Marekani: kile cha jalada la buluu cha Betty Azar, Understanding and Using English Grammar, kilichoanza kutoka mwaka 1981. Hiki kinastahili heshima. Majedwali yake ni safi, mifano ni ya maisha ya kawaida, na mazoezi ni mengi mno. Vishazi amevigawa kwa kazi vinazofanya: vile vinavyofanya kazi ya nomino, vile vya kivumishi, vile vya kielezi. Tena, tofauti na wengi, anaeleza waziwazi jinsi kishazi cha kivumishi kinavyofupishwa kuwa kirai, jambo lile lile la "told to move". Basi tuna ugomvi gani naye? Ugomvi wetu ni wa mwelekeo. Maelezo yanaanzia kwenye kishazi kirefu na kwenda kwenye kirai kifupi, ambayo ni njia ya mwandishi anayetaka Kiingereza chake kipendeze. Mpangaji wa Vickery Meadow anahitaji njia ya kurudi: amepewa kifupi tayari, anataka kukirefusha ili akielewe. Na somo lenyewe liko mbali, mbele kabisa katika kitabu kinachodhani umekwisha kupita vitabu vingine viwili vya mfululizo ule. Anayefanya kazi mbili huacha darasa kabla hajafika huko, wakati barua ya ofisi haingoji afike.

Cha tatu ni chetu: Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu ya Massamba, Kihore na Hokororo, iliyotolewa na TUKI, Dar es Salaam, mwaka 1999. Mtauliza, kinahusu nini na Kiingereza? Kinahusu sana, kwa sababu ndicho kinachompa msomaji istilahi za lugha yake mwenyewe, kirai, kishazi huru, kishazi tegemezi, akajua kwamba vitu hivi si uchawi wa Wazungu. Aliyesoma sekondari Kenya au Tanzania anakumbuka kuchanganua sentensi kwa matawi na kwa jedwali. Akionyeshwa kwamba S ya Kiswahili na S ya Kiingereza zote zinagawanyika katika kikundi nomino na kikundi tenzi, uso wake unafunguka. Lakini tuseme ukweli, ni kitabu cha chuo kikuu, kilichoandikwa kwa ajili ya watu wanaojua tayari kwa nini wanakisoma. Na kwa mwenzetu wa Kongo istilahi hizo ni ngeni kabisa. Yeye alisomeshwa kwa Kifaransa, kishazi anakiita "proposition", na akikutana na neno hilo katika Kiingereza linamaanisha kitu kingine. Mrundi wa kambini alisoma kwa lugha tatu na hakumaliza hata moja. Waketi meza moja hawa watatu na Mtanzania, wote wanaongea Kiswahili wakaelewana mpaka usiku wa manane, ila mwalimu akitaja "clause" kila mmoja anafungua kabati lake.

Kuna kitabu cha nne ambacho hakuna aliye nacho nyumbani nasi tunakitamani. Mwaka 1877 Wamarekani wawili, Alonzo Reed na Brainerd Kellogg, walitoa kitabu cha kuchora sentensi. Unachora mstari mlalo; kiima kinakaa kushoto, kitenzi kulia, na kati yao unapitisha mstari wa wima unaoukata ule wa kwanza. Kila kilichobaki kinaning'inia chini kwa mistari ya mshazari, na kishazi tegemezi kinapata mstari wake mdogo kilichofungwa kwa nukta nukta kwenye neno kinachoning'inia. Vizazi vya watoto wa Marekani vilichoreshwa hivyo, kisha walimu wakachoka wakaacha. Wanaisimu wa leo wanaona michoro ile ina kasoro, na kweli inavuruga mpangilio wa maneno. Lakini kwa jicho la mhandisi haina mshindani, kwa sababu inamlazimisha mtu ajibu swali moja tu: huu mzigo unashukia wapi? Katika jengo kila uzito lazima ufike ardhini kupitia nguzo fulani. Katika sentensi kila kirai na kila kishazi lazima kifike kwenye ile jozi ya kiima na kitenzi kikuu. Usipoiona njia, basi hujaielewa sentensi, hata kama kila neno umelitafuta kwenye kamusi.

Anayedhani haya ni mambo ya wakimbizi peke yao awaulize madereva wa malori, na tunao wengi hapa Dallas. Katika jimbo la Maine madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo ilitaja kazi zisizolipiwa saa hizo: kusindika, kugandisha, kukausha, kuhifadhi, na mwishoni "kufungasha kwa ajili ya usafirishaji au usambazaji" wa vyakula. Hapakuwa na mkato kabla ya "au". Je, usambazaji ni kazi nyingine katika orodha, au umo ndani ya kirai cha kufungasha? Kama ni kazi peke yake, madereva hawana kitu, kwani kusambaza ndiko wanakofanya. Kama umo ndani ya kirai, sheria inawahusu wafungashaji tu, na madereva wadai chao. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaona kwamba sentensi ina utata, na utata ukawaangukia madereva kwa heri. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Hawa waliotunga sheria ile walikuwa wenye lugha yao, wala hawakuwa wanafunzi wa jioni.

Tukija upande wa kuandika, tungependa walimu wa mtaani wajue jambo moja kuhusu sisi. Wanatushutumu kwamba tunaunga sentensi kwa mikato bila mpangilio. Msomaji atazame hii: "Nilifika ofisini, nikamkuta karani, nikampa karatasi, akazikataa." Ni Kiswahili safi kabisa, na mtu wa Lamu au Kigoma atakisifu. Ile -ka- ndiyo gundi, inabeba "kisha" ya kila hatua. Ukiihamishia Kiingereza unapata "I arrived at the office, I found the clerk, I gave her the papers, she refused them", na mwalimu anaandika pembeni kwa wino mwekundu. Ana haki, maana kwa sheria ya lugha yake hizo ni sentensi huru nne zilizofungwa kwa uzi wa pamba. Lakini akidhani kwamba mwanafunzi hajui sentensi inaishia wapi, amekosea. Mwanafunzi anajua, gundi yake imebaki forodhani. Dakika tano za kumweleza hivyo zinafaa kuliko mazoezi kumi ya kutafuta makosa.

Kwa hiyo kama mtu ana fedha za kitabu kimoja tu, tunasema achukue kile cha buluu, hata cha mitumba, aanzie katikati kwenye vishazi vya kivumishi, na majedwali ya mwanzo ayarudie baadaye. Wren na Martin akiazime kwa mzee fulani kwa ajili ya uchambuzi, ila simbamarara awaruke. Cha TUKI kinawafaa wanaofundisha zaidi ya wanaojifunza. Na kabla ya yote aiweke barua ya ofisi mezani, atafute kitenzi kikuu kwa penseli, halafu kila neno kama "unless", "until" na "if" alizungushie duara, na asimruhusu mtoto aache kusoma kabla hajafika kwenye nukta.

Wanaotaka kujipima, hii hapa moja: "The guests invited to the wedding left in cars parked behind the mosque." Ina maneno matatu yanayofanana na kitenzi cha wakati uliopita, lakini lililo kitenzi kikuu ni moja tu. Mawili yaliyobaki yarudishiwe nguo zao walizovuliwa, na mkimaliza mwambieni jirani wa Bukavu aifanye kwa Kifaransa.